Mialoni Miwili kati ya Tisa

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Karibu wewe unayemenya viazi, karibu nawe uliye kwenye trekta na redio yenye kukwaruza. Leo ni Jumatatu. Jumatatu saluni hufungwa. Basi leo ndiyo siku ya kumkumbuka Azeline Kervella, mwenye saluni ya pale mkabala na kanisa, ambaye tulimzika wiki iliyopita hapa Kerzeneg, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Mengi yalisemwa kanisani. Ilisemwa kwamba alikuwa mpole. Wasikilizaji wapendwa, Azeline hakuwa mpole, na wengi wenu mmeketi kwenye kiti chake na mnajua. Ilisemwa pia kwamba alikuwa na subira. Hilo ni kweli. Lakini ilikuwa subira ya paka mbele ya shimo la panya, siyo ya mtakatifu aliyebandikwa ukutani.

Azeline alikuwa mchoraji. Alichora mashamba, malango, njia, mbingu. Alichora nje, amesimama, na kila Jumatatu alitoka. Walikuwa kikundi kidogo, watu wa maduka yanayofungwa Jumatatu: mke wa mwokaji, muuza samaki, yeye. Aliyewafundisha alikuwa Bibi Lozac'h, mjane mmoja mkali aliyevaa buti za marehemu mumewe. Bibi huyo alikuwa na sheria moja tu. Alisema: "Ulichokianza nje, kimalizie nje. Nyumbani usiguse."

Naomba muishike sheria hiyo. Nyumbani usiguse. Picha iliyoanzwa mbele ya mti humalizwa mbele ya mti. Ukifika nyumbani na brashi bado ina hamu, iloweke kwenye tapentaini ukalale.

Sasa niwapeleke kwenye siku moja. Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka ule matuta yalipovunjwa. Wazee mnaukumbuka. Vijana mmeona picha tu. Mashamba yetu yalikuwa madogo, na kati ya shamba na shamba palikuwa na tuta la udongo lenye miti juu yake. Ofisi za serikali zikasema mashamba yaunganishwe, trekta ipate pa kugeukia. Wakulima wakapiga kura. Tingatinga zikaja.

Pale kwenye shamba la kina Kervella palikuwa na njia ya kwenda kisimani. Njia ya shimo, iliyozama kati ya matuta mawili, yenye giza hata mchana. Juu ya tuta moja ilisimama mialoni tisa. Mialoni ya kwetu, mnaijua: baba zetu waliikata matawi kila baada ya miaka kadhaa, ikabaki mifupi, minene, vichwa kama ngumi zilizokunjwa. Mama yake Azeline alipita njia ile na ndoo zake maisha yake yote. Mwaka uliotangulia alipita mara ya mwisho, amebebwa na wanaume sita.

Azeline alitaka kitu kimoja. Alitaka njia ile ibaki kwenye ubao wake wa kuchorea kabla haijaondoka. Basi. Hakutaka kuizuia tingatinga. Alijua hawezi. Alitaka siku moja ya kuitazama.

Aliambiwa ana muda mpaka Pasaka. Majira yote ya baridi alingoja Jumatatu isiyo na mvua, na hapakuwa na Jumatatu isiyo na mvua. Halafu Jumapili moja, baada ya misa, wakiwa wamesimama nje ya kanisa, mdogo wake Maodez, mwenye shamba, akamwambia huku akiwasha sigara:

"Kesho tunaikata ile mialoni. Jumanne wanaleta tingatinga."

"Kesho? Si ulisema Pasaka?"

"Nilisema Pasaka, wao wamesema Jumanne. Nisipoikata mimi kesho, kuni zinazikwa na udongo. Majirani nimeshawaita."

"Ukawaita majirani wote, mimi dada yako ukaniacha?"

"Sasa dada, wewe una msumeno?"

Maodez mwenyewe ndiye aliyenisimulia hayo. Ana miaka sabini na saba sasa. Alipofika hapo kwenye msumeno akasema, "Nilidhani nimesema jambo la kuchekesha."

Kesho yake kulipopambazuka Azeline alikuwa langoni. Baiskeli ameilaza kwenye majani. Kisanduku cha rangi, ubao mmoja, na kile kisimamio chake cha miguu mitatu, ambacho mguu mmoja ulifungwa kwa kamba. Palikuwa na ukungu. Mialoni haikuonekana. Akasimama akangoja, mikono imevaa soksi kuukuu zilizokatwa ncha.

Wanaume wakaja. Walikuwa kumi pamoja na Maodez, na misumeno mitatu ya mashine. Pamoja nao alikuwa Herri Tanguy, jirani, mtu mwenye tumbo na utani wa kulijaza.

"Haya, shangazi!" Herri akamwita. Alimwita shangazi kwa sababu siku chache kabla Fant, mke wa Maodez, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na Azeline alikuwa hajalizoea jina hilo. "Shangazi, nichore na mimi. Ila hapa tumboni upunguze."

"Ubao hautoshi," Azeline akasema.

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alimwita Maodez pembeni.

"Nipe mpaka jioni."

"Haiwezekani. Watu wamekuja."

"Basi anzeni kule mwisho. Kule mbali. Mje mkirudi huku kwangu polepole. Hii ya karibu muiache iwe ya mwisho."

Maodez akakubali. Akaona dada yake ameomba jambo dogo. Hata Azeline aliona ameomba jambo dogo, tena la akili. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo alipokosea. Kosa hilo alilirudia mdomoni maisha yake yote, mpaka wateja wake waliokuwa na vichwa ndani ya beseni walilijua kwa moyo.

Ukungu ukainuka. Njia ikatokea. Azeline alisema haikuwahi kuwa nzuri vile. Tuta lilikuwa la zambarau, kuvu lilikuwa kijani cha chupa, na ndani ya njia palikuwa na kiza kile cha baridi, kiza alichokijua tangu utotoni. Hicho kiza ndicho alichokifuata. Akaanza. Alichanganya rangi haraka. Akaweka kivuli kikubwa kwanza, kama alivyofundishwa.

Kule mwisho mwaloni wa kwanza ukaanguka.

Kule mwisho ndiko jua linakotokea.

Mwanga ukaingia njiani kama maji yanavyoingia kwenye mtaro uliozibuliwa. Mti wa karibu, ule ambao hakuna aliyeugusa, ukabadilika rangi. Tuta likapauka. Kiza kikaondoka. Alikuwa ameomba wamwachie miti ya mbele, na wakamwachia, lakini aliyekuwa anaichora si miti. Alikuwa anachora kivuli, na kivuli kilikuwa mali ya ile miti ya nyuma.

Akapiga kelele wasimame. Misumeno ilikuwa inanguruma. Hawakumsikia. Wa pili ukaanguka.

Basi akachukua kisu cha rangi akakwangua ubao wote. Kila kitu. Akaifuta ile rangi kwenye majani na kuanza upya, kwa mwanga mpya. Alipofika nusu, mti wa tatu ukaanguka, mwanga ukawa mwingine tena. Akakwangua tena. Mbwa wa Herri akapita katikati ya miguu ya kisimamio, ile kamba ikafunguka, ubao ukaanguka kifudifudi. Aliupanguza manyasi kwa kidole. Waliokuwa jirani wanasema alitukana kwa Kibretoni maneno ambayo padri hakuwahi kuyasikia, na padri yule alizaliwa bandarini.

"Nani kakwambia mchana utakungoja?" Bibi Lozac'h angemuuliza. Lakini Bibi Lozac'h siku hiyo alikuwa na mafua, yuko kitandani kwake, anaruhusiwa kutokujali.

Ikafika saa sita. Kengele ya kanisa ikalia. Misumeno ikanyamaza, na mawingu yaliyokuwa yameziba jua tangu saa nne yakaanza kupasuka. Miti ilikuwa imebaki minne. Azeline akatazama juu. Aliona jua linakuja. Linakuja safi, na misumeno imenyamaza, na hakuna mti utakaoanguka kwa saa nzima. Saa nzima ya mwanga mmoja. Akaminya rangi mpya.

Maodez akaja nyuma yake.

"Dada. Watu wana njaa."

"Wale."

"Nani awapakulie? Fant hawezi kuinuka, ana siku tano tangu ajifungue."

"Wana mikono."

"Watu wamekuja kunisaidia bure, nikawaambie wajipakulie wenyewe jikoni kwangu? Watanisema mpaka kaburini."

"Maodez, nina mwanga wa saa moja. Saa moja tu."

"Mwanga hauliwi."

Naam, ndivyo alivyosema. Mwanga hauliwi. Na ninyi mnajua desturi yetu. Mtu akija kwako na msumeno wake, hujamlipa, basi meza yako ndiyo malipo yake, na mwanamke wa nyumba ndiye anayesimama na upawa. Hakuna mwanamke wa nyumba, dada yupo. Azeline aliuweka ubao kivulini, akafunga rangi, akaenda.

Aliwapakulia mchuzi wa kabichi na nyama ya nguruwe. Aliwakatia mkate. Aliwawekea chapati za ngano nyeusi na siagi ya chumvi, akawamiminia pombe ya tufaha. Walikuwa wamefanya kazi, walikula kama watu waliofanya kazi. Walikula polepole. Herri Tanguy akaomba nyongeza. Halafu akaomba nyongeza ya nyongeza.

"Shangazi, rangi imo humu? Mbona mchuzi mtamu hivi?"

Jua lilikuwa limeingia dirishani. Lilikuwa limetua mezani juu ya bakuli la kabichi. Azeline aliliona. Alisema, miaka mingi baadaye, kwamba lilikuwa jua zuri kuliko yote ya msimu ule, na lilikuwa linamulika kabichi.

Fant alikuwa chumba cha pili, kitandani, na mtoto kifuani. Mtoto huyo ndiye Enora, ambaye leo ana watoto wake. Enora anasema: "Mama alinihadithia mara nyingi. Alisikia wanaume wanacheka, halafu akasikia kishindo cha upawa kwenye sinki. Halafu Herri akasema, taratibu, 'Na kahawa, je, ipo?' Mama alisema alitamani kuinuka ampige kwa kunitumia mimi, nilivyofungwa kwenye nguo."

Kahawa ilikuwepo. Azeline aliipika.

Aliporudi langoni jua lilikuwa limefunikwa. Anga lote jivu. Misumeno ikaanza tena, na ikaendelea kuja upande wake, polepole, kama alivyoomba. Kufika alasiri ilikuwa imebaki miwili. Miwili kati ya tisa. Maodez akasimamisha wenzake. Akamwambia Herri apumzike, akamwambia mwingine anoe msumeno ambao ulikuwa mkali tayari. Nadhani alikuwa ameanza kuona. Alimpa dada yake muda wa ile miwili.

Azeline akaichora miwili ile. Aliichora vizuri, hata yeye alikubali. Ngumi zake, kuvu lake, kile kijivu cha tumboni mwa gome. Kushoto mwa ubao, mialoni miwili. Kulia, mahali pa ile saba, aliacha mbao tupu, na doa la kile kivuli cha asubuhi ambacho kisu hakikukimaliza.

Mvua ikaanza. Maodez akaja akatazama juu ya bega lake.

"Si umalizie nyumbani? Hii miti unaijua tangu umezaliwa."

Azeline akamjibu, na jibu hili nimelisikia kwa Maodez, kwa Enora, na kwa Azeline mwenyewe alipokuja hapa studioni mwaka juzi. Wote watatu walilisema sawasawa. Alisema:

"Ningekuwa naijua, nisingekuja kuitazama."

Akafunga kisanduku. Ile miwili ikakatwa mvuani. Jumanne tingatinga ikaja. Jumatano trekta ilikuwa na pa kugeukia.

Wasikilizaji wapendwa, ule ubao mnaujua. Ulikaa saluni, ukutani nyuma ya viti, kwa hiyo kila aliyekaa kunyolewa aliuona kwenye kioo. Miti miwili na mbao tupu. Kila mtu alitoa ushauri. Mwenye duka la dawa alimwambia achore kutoka kwenye picha ya kamera. Padri alimwambia achore kutoka moyoni. "Imekwisha hii, Azeline?" "Bado." "Utaimaliza lini?" "Inamisha kichwa."

Na Maodez? Aliendelea kumkata nywele Maodez. Kila mwezi, bila malipo, bila neno. Maodez anasema hakuna mahali duniani penye kimya kama kiti kile. "Nilikuwa nasikia nywele zinaanguka," anasema. "Na mbele yangu kwenye kioo ule ubao unanitazama."

Miaka ikapita. Mnajua kilichofuata, ninyi mnaokaa bondeni. Pasipo na matuta, mvua haina wa kuizuia. Maji yalishuka na udongo wetu, yakaingia jikoni kwa watu. Upepo ulilaza mahindi. Ofisi zile zile zikasema sasa turudishe matuta. Wengine walicheka, wengine walitukana. Maodez alikodi mashine, akainua matuta mawili pale pale palipokuwa na njia ya kisimani, akapanda mialoni tisa juu ya moja. Hakumwambia mtu. Hasa dada yake hakumwambia. Aliendelea kwenda kunyolewa kila mwezi, amekaa kimya, na mialoni inakua.

Azeline alijua baada ya miaka mingi, saluni ilipokuwa imeshafungwa, tena alijua kwa Enora, ambaye hawezi kutunza siri hata ya keki. Basi mwaka huu, mwezi wa kumi, Enora akampakia shangazi yake kwenye gari, na kisimamio, na kisanduku, na ule ubao umefungwa kwenye shuka. Wakaenda langoni. Maodez alikuwa pale amesimama, amevaa koti la Jumapili siku ya Jumatatu.

Azeline akashuka. Akaweka fimbo yake. Akatazama ile mialoni muda mrefu sana. Enora anasema alidhani shangazi analia, akaenda kumshika.

Azeline akasema: "Umeipanga kama askari wa gwaride."

"Nilipanda kwa kukumbuka, dada."

"Ndiyo maana imenyooka."

Maodez akatazama buti zake.

"Ile ilikuwa imeinama," Azeline akaendelea. "Wa tatu ulikuwa umemwegemea wa nne kama mlevi. Na hii ina vichwa vya nini? Hujawahi kuikata matawi. Baba angelia. Ikate. Ikate kama baba alivyokata, vichwa vitoke."

"Vichwa vinachukua miaka, dada."

"Nimekuuliza vinachukua nini?"

"Haya. Nitaikata. Majani yakianguka nitaikata."

Hata hivyo alitaka kuona kivuli. Wakamshika mikono, wakamwingiza njiani, kati ya matuta. Alikaa kwenye kiti cha kukunja. Ndani palikuwa na kiza. Siyo kiza kile, alisema. Binamu yake. Akafungua kisanduku, akaminya rangi ya kijani kidogo na zambarau kidogo, akachovya brashi. Akainua mkono. Akatazama juu, ambako wingu lilikuwa linapita.

Akarudisha brashi chini.

"Mwanga mbovu," akasema. "Tutakuja Jumatatu."

Jumatatu iliyofuata ilinyesha. Iliyofuata tena pia. Ya tatu ilipambazuka safi, anga kama kioo, na Enora alipokwenda kumchukua alimkuta Azeline ameondoka usingizini. Buti zilikuwa mlangoni. Brashi zilikuwa zimeoshwa.

Siku ya mazishi ule ubao ulisimamishwa karibu na jeneza. Miti miwili na mbao tupu, na watu wakapita wakitikisa vichwa. Baadaye nyumbani, wakati wa kahawa, mtoto mmoja wa ukoo, anayesomea uchoraji mjini Rennes, akasema kwa heshima kwamba angeweza kuimalizia. Ana picha za zamani za ile njia. Ingekuwa kumbukumbu nzuri. Watu wakaanza kukubali.

Maodez akainuka kutoka kwenye kiti. Mtu yule yule, wasikilizaji wapendwa, aliyesema mwanga hauliwi. Akauchukua ubao mezani, akaufunga kwenye shuka lake.

"Nyumbani usiguse," akasema.

Kesho yake aliegemeza ngazi kwenye mwaloni wa kwanza. Enora alimwambia baba, una miaka sabini na saba, shuka. Hakushuka. Amekata mitatu mpaka leo.

Kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Maodez Kervella, kwa Enora na watoto wake, na kwa wachoraji wa Jumatatu waliobaki. Natoa pole kwa Herri Tanguy pia, ambaye alinipigia simu asubuhi ya leo kuniomba niseme hewani kwamba anajuta kwa ile nyongeza ya pili. Nimesema, mzee Herri.

Na sisi wengine tujitazame. Wengi wetu tuna mtu nyumbani anayeomba siku moja. Haombi shamba, haombi gari. Anaomba siku moja ya kutazama kitu anachokipenda. Mpe. Na ukimpa, mpe yote, na mchana wake ndani. Usimpe asubuhi kisha ukamwita jikoni. Jipakulie mwenyewe. Upawa si mzito.

Leo ni Jumatatu, na nimesogea dirishani hapa studioni kabla ya kufunga maikrofoni. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa. Manyunyu. Hakuna kivuli hata kimoja Kerzeneg nzima.

Azeline, mwanga wa leo mbovu. Hujapitwa na kitu.